Pipa la Mama Dahabo Lisilo na Gia

Wanangu mnaojifunza kukata na kuchomelea vyuma hapa Garissa, amani iwe juu yenu. Mwalimu wenu aliniomba nije nizungumze nanyi habari za ufundi. Nilimwambia kwamba siku hizi nikisema sana sauti inaniacha, afadhali niandike nanyi msome mkiwa mmekaa kivulini. Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyeniachia macho ya kuandikia na vidole tisa na nusu. Ile nusu inayokosekana iliondoka na mashine ya kukunja mabati, kwa sababu nilikuwa nikipiga soga na mtu huku mkono uko kazini. Basi somo moja mmeshalipata kabla sijaanza.

Nimeshika nyundo na koleo kwa zaidi ya miaka thelathini. Nimetengeneza pampu za visima kutoka hapa mpaka vijiji vya Wajir, mikokoteni ya punda, milango, na magurudumu ya vitoroli ambayo mengine bado nayaona yakipita sokoni yakiyumba. Lakini kazi iliyonifundisha kuliko zote niliifanya nikiwa nimeshastaafu, nyumbani kwangu Waberi, na ilikuwa pipa dogo la kusukasukia maziwa yatoe siagi. Pipa la kuzungusha kwa mkono. Mtacheka. Hata mimi nilicheka nilipolianza, nikadhani ni kazi ya siku mbili.

Sababu yake ilikuwa mama mkwe wangu, Mama Dahabo, mama yake mke wangu Rukia. Tulikuwa tumemchukua akae kwetu baada ya kuanguka kwenye bomba la maji na kuvunjika bega la kulia. Mfupa uliunga vibaya. Mkono ule ukawa haupandi kupita kifua. Aliweza kula, kujifunga shungi na kushika tasbihi, lakini hakuweza tena kusukasuka haan.

Nyinyi mliozaliwa mjini, na nyinyi mliotoka mbali kuja kusoma hapa, huenda hamuijui haan. Ni chombo cha maziwa kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi, kikakazwa hata hakivuji, na ndani kikafukizwa moshi wa kuni maalumu. Maziwa ya ng'ombe yakishaganda humo, mwanamke huilaza haan mapajani au huining'iniza kwa kamba, akaisukuma na kuirudisha, akaiimbia, mpaka siagi itoke. Siagi ndiyo huyeyushwa ikawa samli.

Wakati huo binti yetu wa mwisho, Hodan, alikuwa ameposwa. Kwetu, baada ya harusi, upande wa bibi arusi huwapelekea watu wa bwana arusi chombo cha nyirinyiri, yaani nyama iliyokaushwa na kulowekwa kwenye samli. Chombo hicho huvishwa kitambaa na kufungwa kamba kwa ustadi, na wanaume wa upande wa pili hutokwa jasho wakitafuta ncha ya kamba mbele ya watu. Mama Dahabo alikuwa ametoa samli ya binti zake wote na wajukuu wake wote kwa mkono wake mwenyewe. Alibaki Hodan peke yake.

Majirani walikuja kumwambia, "Mama, sisi tutakusukia. Wewe kaa tu utuamrishe."

Akawajibu, "Mkinisukia nyinyi, mtampa Hodan samli yenu. Yangu atapewa na nani?"

Dukani samli ipo, kwenye makopo. Mtu mmoja alithubutu kuitaja. Hakurudi nyumbani kwetu kwa wiki nzima.

Nilimsikia akilia. Hakuwa mwanamke wa kulia. Nilikuwa nikipita nje ya jiko kwenda kutia udhu, nikasikia, nikasimama, kisha nikaondoka kwa vidole vya miguu kama mwizi. Baada ya sala nilimwambia Rukia, "Mkono wa mama hauwezi kupanda, lakini unaweza kuzunguka. Nitamtengenezea kitu cha kuzungusha."

Sasa sikilizeni kosa langu, maana ndilo lililonifanya niandike.

Katika familia yetu mama mkwe anaheshimiwa kwa umbali. Simli mbele yake, simtazami usoni, na tukiwa na la kuambiana tunapitia kwa Rukia, hata kama sote watatu tumekaa uwanja mmoja. Tena jiko ni la wanawake. Kwa hiyo nilikuwa nimekula samli tangu siku niliyoota meno, lakini sikuwa nimewahi hata mara moja kukaa kutazama maziwa yakisukwasukwa. Nilianza kutengeneza mashine ya kazi nisiyoijua. Na haikunijia kwamba siijui! Nilijiona fundi wa pampu za kaunti nzima, maziwa yatanishinda nini?

Nikachukua sufuria mbili za stenlesi, lile bati lisiloshika kutu, nikazichomelea mdomo kwa mdomo zikawa pipa. Ndani nikapitisha mhimili wenye mapanga manne kama ya feni ya dari. Nje nikafunga gia kubwa na ndogo za baiskeli kuukuu pamoja na mnyororo wake, hivi kwamba ukizungusha mkono mara moja, mapanga yanazunguka karibu mara tatu. Kifuniko nikakikaza kwa mpira na bolti sita, hata hewa isipite. Kisha nikaona nafasi tupu ndani ya pipa ni hasara, nikaamua lijazwe mpaka shingoni. Wanangu, lilikuwa zuri. Lilimeta. Nililipitisha mtaani juu ya mkokoteni pole pole, kwa makusudi, ili watu waone.

Tulilijaribu uani, adhuhuri, jua likiwa limesimama kichwani. Mimi ndiye niliyezungusha. Mama Dahabo alikuwa nyuma ya mkeka uliotundikwa mlangoni pa jiko, na Hodan alisimama karibu akiniangalia. Nilizungusha kwa nguvu na mapanga yakavuma. Baada ya muda pipa likaanza kutoa mlio mwembamba, na mimi nikadhani siagi inakuja. Nikalegeza bolti ya kwanza. Nikalegeza ya pili. Ya tatu sikuifikia. Kifuniko kiliruka na povu likapanda kama lililokuwa likinisubiri. Lilinijaa machoni, ndevuni, kwenye kanzu, na paka wa jirani aliyekuwa akilala ukutani alikimbia akiwa mweupe upande mmoja.

Hodan alishika tumbo kwa kicheko, akaniita mimi baba yake. "Aabo! Umejipaka chokaa kama nyumba ya Idi!"

Kutoka nyuma ya mkeka tukasikia sauti ya Mama Dahabo, taratibu kabisa. "Rukia, mwambie mkwe wangu kwamba mimi niliomba siagi. Kuoga maziwa ni kwa wafalme."

Siagi haikuwemo hata punje. Maziwa yalikuwa ya moto na povu lake halikuvunjika mpaka jioni. Nikaosha pipa, nikalifunika gunia, nikakaa. Harusi ilikuwa imebaki wiki tatu.

Hapo nikamkumbuka mwalimu wangu. Aliyenifundisha kazi alikuwa fundi Mkamba kutoka upande wa Mwingi, Mzee Mutiso, Mungu amlipe kwa alivyonivumilia. Siku moja, nikiwa kijana wa umri wenu, tulitumwa kijijini pampu ya mkono ilipokataa kuvuta maji. Yeye alikaa chini, akaomba chai. Mimi nikaivua pampu yote, bomba kwa bomba, nikapanga vyuma mchangani kama mchuuzi. Akamaliza chai, akasema, "Umeshaiua. Sasa unaweza kuniambia ilikuwa inaumwa nini?" Sikuweza. Alinirudishisha kila kitu, kisha akaniambia nisukume mkono wa pampu huku nimenyamaza. Ndipo nikasikia chini kabisa mlio mkavu, kama mtu anayemeza mate. Kilikuwa ni kipande cha ngozi cha kuzuia maji kilichokauka, basi. Aliniambia, "Yusuf, chuma kinasema. Wewe unakikatiza." Neno jingine aliloniachia ni kwamba mahali panapopita chakula hapatiwi mafuta ya gari. Paka mafuta ambayo wewe mwenyewe unaweza kulamba.

Nilikuwa nimewafundisha watu wengi maneno hayo. Kwenye pipa niliyasahau.

Asubuhi iliyofuata, baada ya alfajiri, nilijua Rukia atasukasuka maziwa ya nyumbani kwenye haan huku mama yake akimwongoza. Nikachukua kigoda, nikakiweka nje ya ule mkeka, nikaupa mgongo, nikakaa na tasbihi yangu. Kuingia nisingeingia. Kusikia hakukatazwi.

Mwanzoni nilisikia maji tu. Haan ikienda, maziwa yanaanguka upande mmoja, na ikirudi, yanaanguka upande wa pili. Rukia aliimba ule wimbo wa kuibembeleza haan, ule ambao mama zetu wote waliuimba na sisi tukiusikia usingizini. Baada ya muda mfupi akasimama, nikasikia kifuniko kikilegezwa na pumzi ikitoka, fsss, kisha kikafungwa tena. Hapo nikapiga paji langu la uso. Maziwa yaliyoganda yana pumzi! Mimi nilikuwa nimeifungia kwa bolti sita.

Nikaanza kuhesabu kwa tasbihi. Haan ikienda na kurudi, nasukuma shanga moja. Nilishangaa kuona wimbo hauharakishi wala haupoi. Shanga zilikwenda mwendo uleule kana kwamba mtu amezipangia. Na mlio ukabadilika. Maji yakawa mazito, kisha pakawa kama nguo iliyolowa inageuzwa, karibu kimya. Sikujua kwamba nimeegemea nyuma kuusogelea mkeka.

"Rukia," sauti ya Mama Dahabo ikasema, "ni nani anayepumua hapo nje? Kama ni mbuzi, mfukuze. Kama ni mkwe wangu, mwambie aulize."

Nikaona haya hata masikio yakapata moto. Nikasema, "Rukia, mwambie mama, mimi ni mbuzi, lakini nina swali."

Wakacheka wote wawili. Rukia akamwambia mama yake, "Hooyo, mbuzi ana swali."

"Aseme."

"Muulize, kwa nini pipa langu lilishindwa?"

Haan iliendelea kwenda na kurudi. Kisha akajibu, na maneno yake ninayo mpaka leo kama yalivyotoka. "Mwambie alikoroga. Maziwa hayataki kukorogwa. Yanataka kuanguka. Na mtu aliyejaziwa nyumba mpaka dari, ataanguka wapi?"

Mara ndani ya haan kitu kikagonga. Dub. Kikagonga tena. Rukia akaacha kuimba. Mama Dahabo akasema, "Imekuja. Umeisikia, wewe mbuzi?"

Nilikuwa nimeisikia. Nilikuwa na nywele nyeupe kichwani, na ndiyo mara ya kwanza nilisikia siagi ikizaliwa. Nimesoma chuoni, yaani madrasa, tangu utoto kwa ubao wa mbao na wino wa mkaa, na maalimu wetu alikuwa akitushikisha bakuli la maziwa na kutuambia tutazame kwanza kabla ya kunywa, tumshukuru aliyeyatoa safi katika tumbo la mnyama. Nilidhani nimetazama. Kumbe ndani ya weupe ule kuna kitu kingine kimefichwa, kimetawanywa kote hata huwezi kukiona, na kinangoja kuangushwa kwa kipimo fulani ndipo kikusanyike. Ukikiharakisha, kinakukatalia. Nilikaa pale nje nikasema subhanallah mpaka Rukia akaniuliza kama nimeugua.

Nikarudi kwenye kazi. Nilianza kutoa. Nilitoa mapanga. Nilitoa mhimili wa ndani. Nikalishika pipa tupu kiunoni kwa vyuma viwili vya mhimili, kimoja kila ubavu, ili lipinduke lenyewe kichwa chini miguu juu. Nilibakiza gia na mnyororo, kwa sababu nilizipenda. Kisha nikaketi, nikaweka tasbihi pembeni, nikazungusha taratibu kwa mwendo wa mkono wa mtu mzima aliyekaa, bila papara, huku nikiimba kimoyomoyo wimbo ule wa Rukia. Nikagundua jambo lililonisimamisha kazi. Pipa likipinduka mara moja, maziwa yanaanguka mara mbili, huku na huku, sawasawa na haan inavyokwenda na kurudi. Na mkono wa bibi mtu mzima unazunguka mara moja kwa kila mpigo wa wimbo. Hakukuwa na kitu cha kuzidisha wala kupunguza. Mkono, wimbo na maziwa vilikuwa na mwendo mmoja tangu zamani, kabla ya baiskeli kufika nchi hii. Nani aliyevipatanisha? Nikafungua gia zangu, nikaziweka juu ya rafu. Zipo huko hadi leo, zina vumbi.

Yaliyobaki yalikuwa ya kupima. Juu ya kifuniko nilitia tundu la kutoa pumzi lenye kizibo cha kuvuta kwa kidole, na kando yake kioo kidogo, ili mtu aone kikiwa na ukungu wa maziwa na kikiwa kimesafika, kwa kuwa siagi ikija kioo hujiosha chenyewe. Ndani nilikwaruza mstari chini ya nusu, maziwa yasivuke hapo. Pipa nililivika gunia la kulowesha maji, kwa sababu chuma cha Garissa kinachemka hata kivulini. Pale mhimili unapozungukia niliweka bushi, yaani pete za mti mgumu, badala ya beringi, nikikumbuka mafuta ya Mzee Mutiso.

Kilichonitesa ni urefu wa mkono wa kuzungushia. Ukiwa mrefu, kazi ni nyepesi lakini kiganja kinapanda juu, na bega la mama halipandi. Ukiwa mfupi, kiganja kinabaki chini lakini kazi inakuwa nzito. Sikuweza kumpima mama mkwe wangu kwa futi. Nikamtuma Rukia na mkaa, ampe mama yake auchore ukutani mviringo mkubwa kuliko wote ambao mkono wake unaweza kuuchora bila maumivu. Ulikuwa sawa na sahani ya chai. Nilipouona nikahuzunika. Kisha nikashusha fremu yote iliyolibeba pipa mpaka mhimili ukawa usawa wa magoti yake, nikalipunguza pipa, na maziwa yenyewe yakanisaidia, kwani yakishapita juu yanaanguka kwa uzito wake na kuusukuma mkono mbele. Yeye alipaswa kuinua nusu tu ya safari.

Mama Dahabo alikuwa na shaka moja. "Rukia, mwambie, chuma hakishiki moshi. Maziwa yasiyo na moshi ni maji meupe."

Nilifikiri juu ya hilo siku mbili, nikafukiza pipa, likanuka moshi asubuhi na mchana halinuki kitu. Mwisho nikasema, "Mwambie mama, maziwa yalale kwenye haan yake kama kawaida. Asubuhi yamiminwe humu. Haan ifanye kazi ya kulea, pipa lifanye kazi ya kuanguka."

Akajibu, "Sasa ameanza kusema kama mtu."

Siku yenyewe ilikuwa siku tano kabla ya harusi. Baada ya alfajiri Rukia alimimina maziwa mpaka kwenye mstari, akafunga kifuniko, akamwachia mama yake. Hakuna aliyemsaidia. Mimi nilikuwa kwenye kigoda changu nyuma ya mkeka, mgongo umegeuka, tasbihi mkononi. Nikamsikia akisema bismillahi. Mkono ukaanza.

Maji. Mara akasimama, fsss, akaendelea. Akaanza kuimba, sauti yake imepasuka kwa uzee lakini mwendo haukuyumba. Mara moja alisimama kwa muda mrefu, nikamsikia akihema, na Rukia akasema, "Hooyo, nipe kidogo." Akamwambia, "Kaa chini." Mimi nilikuwa nikiomba. Shanga zilikuwa zimeloa jasho. Nilijua kwamba kama bega lingekataa, asingejaribu tena, na Hodan angeozwa kwa samli ya watu wengine.

Mkono ukaanza tena. Mlio ukawa mzito, kama nguo iliyolowa. Ukawa karibu kimya. Nikasahau kusukuma shanga.

Dub.

Wimbo ukakatika. Dub. Kisha nikasikia sauti ambayo kwa miaka yote tangu nimwoe binti yake haikuwahi kuniita kwa jina langu.

"Yusuf. Njoo uone."

Nilisimama, nikauinua mkeka, nikaingia nimeinamisha macho. Akanyoosha kidole chake kwenye pipa lililokwisha kufunguliwa nami nikatazama ndani. Ilikuwa punje punje za manjano juu ya mtindi, kama mchanga wa dhahabu, nyingine zimeshaanza kushikana. Alichota kidogo kwa mkono wa kulia, ule uliovunjika, akaniwekea kiganjani. Ilikuwa baridi. Nikamhimidi Mungu, na nadhani macho yangu yalimwagika, lakini Rukia anasema ni moshi wa jiko na mimi sibishani naye.

Kisha Mama Dahabo akageuza uso kwa binti yake, kama kawaida. "Rukia, mwambie mkwe wangu kuna mahali panalia upande wa kushoto. Kiii, kiii. Pamenikera tangu mwanzo."

Nikainama kwenye bushi ya kushoto. Kweli ilikuwa imekauka. Nikachukua nusu ya siagi ile iliyokuwa kiganjani, nikaipaka kwenye mti. Nusu ya pili nikaila mbele yake. Kisha nikazungusha mkono wa pipa mara moja, polepole, tukasikiliza wote watatu. Pipa lilipinduka bila mlio wowote.